Mbao Zinazojiunda Zenyewe: Kemia, Imani na Jibu Tulilolikosea



Ndugu wasomaji, tunaandika makala hii kwa sababu ya jibu moja tulilolitoa vibaya. Wakati wa likizo iliyopita baadhi yetu mafrateri tulialikwa kuzungumza na vijana wa parokia moja juu ya imani na sayansi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka binti mmoja wa kidato cha sita, mchepuo wa PCB, aliposimama. Alisema mwalimu wao wa kemia amewaeleza kwamba siku hizi wanakemia wanaweza kuweka metali na molekuli fulani ndani ya maji, wakazichanganya, na baada ya muda vitu hivyo vikajipanga vyenyewe kuwa vizimba vidogo vyenye umbo kamili, bila mtu yeyote kuvishika. Kisha akauliza: "Frateri, kama vitu vinajipanga vyenyewe, Mungu anafanya kazi gani?"

Tulijibu kwa haraka, kama watu wanaotetea goli. Tulimwambia kwamba vitu visivyo na akili haviwezi kujipanga, na kwamba pale sayansi inaposhindwa kueleza ndipo tunapouona mkono wa Mungu. Ukumbi ulipiga makofi. Yule binti akaketi, akafunga daftari lake, na hakuuliza tena.

Tuliporudi seminarini tulikwenda maktaba tukasoma. Tukagundua kwamba mwalimu wake alisema kweli, na sisi tulikosea mara mbili. Tulikosea kemia, na hilo linasameheka. Lakini tulikosea pia teolojia, na hilo kwa watu wanaojiandaa kwa upadre si dogo. Kwa hiyo tunaomba ruhusa ya kujibu upya, tukianza na kemia yenyewe, kwa sababu hatuna haki ya kusema lolote juu ya jambo ambalo hatujalisikiliza.

Vizimba vinavyojengwa bila nyundo

Tuanze na damu yetu. Ndani ya hemoglobini, ile inayobeba oksijeni mwilini, kuna atomi ya chuma iliyoshikwa na atomi nne za naitrojeni zinazoizunguka. Katika majani mabichi ya mgomba, ndani ya klorofili, kuna atomi ya magnesiamu iliyoshikwa kwa namna inayofanana na hiyo. Metali katikati, molekuli pembeni zikiishika. Hizo molekuli za pembeni wanakemia huziita ligandi. Tangu zamani, basi, uhai wetu unategemea metali zilizoshikwa vizuri.

Metali hizi zina tabia. Kila moja hupenda idadi fulani ya majirani, na hupenda wakae katika pande fulani. Metali iitwayo paladiamu hupenda majirani wanne waliokaa kama pembe za mraba. Mwaka 1990 mwanakemia wa Japani, Makoto Fujita, pamoja na wenzake, waliitumia tabia hiyo. Waliziba nafasi mbili za paladiamu kwa molekuli ndogo, zikabaki nafasi mbili tu zinazotazama pande mbili kama kona ya nyumba. Halafu wakaleta ligandi iliyonyooka kama fito, yenye mkono wa kushikia kila mwisho. Kona na fito vikakutana ndani ya maji, na mraba ukatokea: paladiamu nne kwenye kona, fito nne kama kuta. Mwaka 1995 kundi lake likatumia ligandi bapa yenye mikono mitatu. Metali sita na ligandi nne, jumla vipande kumi, vikajiunga kuwa kizimba chenye uwazi ndani, kinachoweza kuhifadhi molekuli nyingine kama kuku ndani ya banda. Kufikia mwaka 2016 walikuwa wamepata umbo la duara lenye paladiamu 48 na ligandi 96, jumla vipande 144, vyote vikiwa vimejipanga.

Vinajuaje mahali pa kukaa? Hapa ndipo sisi tulipokosea kemia. Havijui lolote, wala havihitaji kujua. Siri iko katika vifungo vyake, ambavyo si imara mno wala si dhaifu mno. Fundi cherehani kabla ya kushona nguo huishikiza kwanza kwa uzi mlegevu. Kipande kikikaa vibaya, anafumua na kukiweka upya. Vifungo vya metali na ligandi viko hivyo. Joto la kawaida la maji linazitikisa molekuli bila kupumzika. Zikishikana vibaya, mpangilio huo hautulii, unaachia, zinajaribu tena. Zikishikana vizuri, zinatulia. Baada ya maelfu kwa maelfu ya majaribio, kinachobaki ni kizimba kilichokamilika.

Kazi ya mwanakemia, basi, ni kuchagua vipande. Anapima pembe, anachagua urefu wa fito, anafikiri ni metali gani ina tabia inayofaa. Hiyo ndiyo inayoitwa kubuni. Akishachagua vizuri, anaviacha vipande vifanye kazi. Akichagua vibaya, hata akesha usiku kucha anapata tope tu kwenye chupa.

Jambo hili lina historia ya kupendeza. Mwaka 1974 Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, alikuwa anaandaa mipira ya mbao ya kufundishia wanafunzi maumbo ya molekuli. Ilibidi karakana itoboe matundu kwenye mipira hiyo ili vijiti vichomekwe. Robson akatambua kwamba matundu yakiwa mahali pake, umbo linajitokeza lenyewe, kwa sababu habari zote za umbo zimo tayari katika matundu. Miaka kadhaa baadaye akajaribu wazo hilo kwa shaba na molekuli yenye mikono minne, akapata fuwele yenye mashimo yasiyohesabika. Oktoba 2025 yeye, Susumu Kitagawa wa Japani na Omar Yaghi wa Marekani walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi ya mitandao ya metali na molekuli, ambayo ni ndugu wa vizimba tunavyovizungumzia. Mitandao kama hiyo imeweza kukusanya maji kutoka katika hewa ya jangwani. Yaghi alizaliwa Amman, Yordani, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina.

Mfano mmoja zaidi, kwa sababu ndio uliotugusa kuliko yote. Fosforasi nyeupe ni kitu cha hatari. Ikikutana na hewa inawaka moto, na vitani imeunguza miili ya watu. Mwaka 2009 Jonathan Nitschke wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walieleza jinsi walivyotengeneza kizimba chenye atomi nne za chuma kwenye pembe na ligandi sita kama kingo. Molekuli ya fosforasi nyeupe ikaingia humo, ikakaa hewani bila kuwaka. Jambo la ajabu ni sababu yake. Si kwamba kizimba kinaizuia oksijeni kuingia. Ni kwamba fosforasi ikitaka kuungana na oksijeni, inahitaji kutanuka, na humo ndani hakuna nafasi ya kutanuka. Ukitaka kuitoa, unaleta molekuli nyingine iitwayo benzeni, inachukua nafasi yake, na fosforasi inatoka ikiwa na ukali wake uleule. Sumu haikuharibiwa, ilikosa nafasi.

Kosa la kwanza: kumficha Mungu kwenye pengo

Sasa turudi ukumbini. Tulimwambia yule binti kwamba Mungu yuko pale sayansi inaposhindwa. Maneno hayo yanapigiwa makofi, lakini tuyapime. Kama Mungu anakaa katika yasiyoelezwa, kila mwanafunzi anayefaulu mtihani anampunguzia Mungu eneo. Babu zetu hawakujua kwa nini jani ni la kijani, sisi tunajua. Je, Mungu aliondoka kwenye majani? Mhubiri wa namna hiyo anajikuta akiomba kimyakimya kwamba wanasayansi wasifaulu. Na kijana anayesikiliza anafanya hesabu rahisi: jana padre alisema hili haliwezekani, leo nimeliona maabara, basi huenda na mengine anayosema hayako sawa. Kijana huyo hatuambii anaondoka. Anaketi tu na kufunga daftari.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliliona jambo hili. Katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 36, unafundisha kwamba vitu vilivyoumbwa vina sheria na thamani zake vyenyewe, alizovipa Muumba, na kwamba mtafiti anayechunguza kwa unyenyekevu na uaminifu anaongozwa na mkono wa Mungu hata kama mwenyewe hatambui. Hapohapo Mtaguso unasikitikia mtazamo wa baadhi ya Wakristo ambao, kwa kutoelewa uhuru halali wa sayansi, wamewafanya wengi wadhani imani na sayansi ni maadui. Tuliposoma namba hiyo tulijiona sisi wenyewe tukiwa mbele ya ukumbi ule.

Mjenga meli wa Mtakatifu Thoma

Aliyetusaidia zaidi ni Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika maelezo yake juu ya kitabu cha pili cha Fizikia cha Aristotle anauliza maumbile ni nini hasa, na anajibu kwa mfano. Anasema maumbile ni kama ustadi wa Mungu uliowekwa ndani ya vitu vyenyewe, ili viende kuelekea lengo lake. Ni kana kwamba mjenga meli angeweza kuzipa mbao uwezo wa kujisogeza zenyewe mpaka meli ikamilike.

Aliyewahi kuwatazama mafundi wa majahazi kule Bagamoyo anajua uzito wa mfano huu. Fundi wa kibinadamu hana njia nyingine: anachonga, anakunja, anapigilia misumari. Mbao haisogei hata inchi moja asipoisogeza. Thoma, katika karne ya 13, anamwona Mungu kuwa fundi wa namna nyingine kabisa, ambaye hahitaji kusukuma kila mbao kwa sababu ameipa mbao yenyewe uwezo. Na mahali pengine, katika kitabu chake dhidi ya makosa ya wapagani, anafundisha kwamba anayevipunguzia viumbe uwezo wa kutenda hamtukuzi Mungu, bali anaupunguza uweza wa yule aliyeviumba.

Mtu akiusoma mfano huo baada ya kuona vizimba vya Fujita, anashangaa. Kile ambacho Thoma alikitaja kama kitu ambacho fundi wa kibinadamu hakiwezi, leo mwanakemia anakionja kidogo. Na ukiangalia vizuri utaona kwamba hata yeye hakuzipa "mbao" zake uwezo huo. Aliukuta. Paladiamu ilipenda majirani wanne kabla ya Fujita kuzaliwa.

Kwa hiyo swali la yule binti lina jibu, na si lile letu. Vitu vinajipanga vyenyewe, ndiyo. Na hiyo ndiyo kazi ya Mungu: kuvifanya viwepo, vikiwa na tabia zake, vikitenda kweli kwa uwezo wake. Mwanafalsafa atasema Mungu ni Sababu ya Kwanza na viumbe ni sababu za pili, na sababu ya pili si ya bandia. Hata sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo inatuonyesha Mungu akiiamuru ardhi yenyewe ichipushe mimea. Ardhi ilipotii haikumnyang'anya Mungu kazi.

Kosa la pili: kumfanya Mungu kuwa mwanakemia

Baada ya kuelewa hayo, baadhi yetu walitaka kukimbilia upande wa pili. Walisema: "Basi tumepata silaha. Kila kizimba kina mwanakemia aliyekibuni, kwa hiyo kila chembe hai ina Mbuni wake, na sayansi imethibitisha kuwa Mungu yuko." Tulibishana usiku mzima juu ya hili, na tunaona ni lazima tuseme wazi: hapana. Hilo ni lile kosa la kwanza lililovaa kanzu mpya.

Mungu si mwanakemia mkubwa kati ya wanakemia wadogo. Mwanakemia anachagua vipande vilivyokwisha kuwapo na kuvipanga akiwa nje yake. Mungu anavipa vitu kuwapo kwenyewe, na si kwa kuchanganya chupa hii na ile. Tukimweka Mungu maabara kama msaidizi anayeshughulikia molekuli ngumu, siku mtafiti atakapoonyesha jinsi molekuli hizo zilivyopatikana kwa njia za kawaida, tutakuwa tumemfukuza Mungu kwa mikono yetu wenyewe. Swali la kwa nini kuna kitu badala ya utupu, na kwa nini vitu vina tabia thabiti zinazoeleweka na akili, ni swali la kweli na zito. Lakini ni la falsafa na imani. Tusimdai mwanakemia alijibu kwa darubini yake, naye asitudai kwamba, kwa kuwa darubini haikuliona, halipo.

"Lakini muumini anahitaji sakramenti, si paladiamu"

Tunajua wapo watakaosema hivi, na wana hoja. Kijijini kuna njaa, kuna ndoa zinazovunjika, kuna jumuiya ndogo ndogo zilizolala. Hatuombi padre ahubiri paladiamu siku ya Jumapili.

Ila tumfikirie mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ambaye pamoja na mionzi anapewa dawa iitwayo cisplatin. Kiini cha dawa hiyo ni atomi ya platinamu yenye majirani wanne waliokaa katika mraba, sawasawa na paladiamu ya Fujita. Inamtapisha, inamchosha. Mtu anamwambia: "Achana na hizo kemikali za wazungu, kama una imani Mungu atakuponya." Anakuja kumuuliza padre wake. Je, tutamwambia nini, ikiwa kwa miaka yote tumemfundisha kwamba Mungu anatenda pale tu sayansi inaposhindwa? Tutakuwa tumemfunga mikono. Lakini kama tumemfundisha kwamba Mungu anatenda ndani ya uwezo aliovipa vitu, ataweza kusali na kupokea dawa yake bila kuona kwamba anachanganya mabwana wawili. Hapo teolojia ya sababu za pili si somo la darasani tena. Ni suala la mtu kuishi au kufa.

Wala kemia si ya wageni katika Kanisa. Padre Julius Nieuwland wa Shirika la Msalaba Mtakatifu alikuwa mwanakemia katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, na utafiti wake juu ya gesi ya asetilini ndio uliofungua njia ya mpira wa bandia uitwao neoprini. Lakini tusimsimulie nusu. Mwaka 1904, katika utafiti wake wa udaktari, alichanganya asetilini na kemikali ya aseniki, akapata kitu chenye sumu kali kilichomfanya augue, naye akaachana nacho. Miaka kadhaa baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wengine walikifuatilia, wakatengeneza silaha ya gesi iitwayo lewisaiti. Mtu mmoja anakutana na sumu na kuiacha, mwingine anaitengenezea mtungi wa vita, na wengine, kama wale wa Cambridge, wanaitafutia kizimba. Kemia yenyewe haitoi uamuzi huo. Dhamiri ndiyo inayoamua, na dhamiri inalelewa, nyumbani, shuleni na kanisani. Ndiyo maana hatuwezi kusema kemia haituhusu.

Tunachoomba

Kwanza, seminari ndogo zetu zisione maabara kama mapambo ya kuonyesha wageni siku ya somo wa seminari. Tunasema hivi tukijua gharama zake. Kijana aliyejaribu mwenyewe, akakosea na kurudia, hamdharau mtafiti anapokuwa padre.

Pili, sisi tunaosoma falsafa tusimsome Thoma kwa ajili ya mtihani tu. Tunapofika kwenye falsafa ya maumbile, walezi wetu watuwekee mezani mfano hai wa sayansi ya leo na kutudai tuujibu. Mjenga meli wa Thoma alikuwa akitusubiri maktaba, na sisi tulikuwa tumempita tukitafuta maswali ya mitihani iliyopita.

Tatu, maparokia yawatumie walimu wa sayansi waliomo. Wapo kwaya, wapo kamati ya ujenzi, wapo hata kamati ya mazishi. Katika semina ya vijana mwalimu wa kemia aketi meza moja na frateri. Angekuwapo siku ile, angetuvuta kanzu kabla hatujapigiwa makofi.

Na nne, tunapoulizwa jambo tusilolijua, tuseme: "Sijui, nitasoma nirudi." Kwa frateri maneno hayo ni magumu, kwa sababu watu wanatutazama kana kwamba tayari tumekwisha kufika. Lakini jibu la uongo linalotolewa kwa jina la Mungu ni zito kuliko aibu ya kunyamaza.

Tumemwandikia Paroko wa parokia ile tukiomba kurudi likizo ijayo, naye amekubali. Tumeomba vijana walewale waitwe, na mwalimu wao wa kemia pia. Tutaanza kwa kumwomba radhi yule binti mbele ya ukumbi uleule uliotupigia makofi. Kisha tutamwomba aulize swali lake tena.